Kitufe Kilichobonyezwa Kabla ya Swali

Machi 4

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda zile ngazi za nje. Mimi sijambo. Chumba changu ni kile kile: dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kitanda, meza, na kiti ambacho mguu wake mmoja nimeufunga kwa waya. Mama mwenye nyumba anakusalimu. Ameziona bahasha zako zenye herufi kubwa kubwa na anasema, "Shangazi yako anaandika kama anayepiga kelele." Nilimweleza kwamba miaka ishirini ya mashine za kufuma ilikuchukua masikio, na ndiyo maana sisi wawili simu tumewaachia wenyewe.

Habari kubwa ni ya kazi. Nimetolewa kwenye vumbi la mafaili. Hospitali imeacha karatasi za mapokezi. Mgonjwa sasa anaandikishwa kwenye kompyuta, na fomu hiyo ya kompyuta ninaitengeneza mimi. Mkuu wetu wa kumbukumbu, ambaye nyuma ya mgongo wake sote tunamwita Bwana Foleni, aliniita akasema, "Kijana, wewe si ulisomea mambo haya? Haya, yafanye."

Nikueleze jinsi inavyofanya kazi, maana najua utauliza. Unaikumbuka redio ya babu, ile yenye vitufe vitano vyeupe kama meno? Ukibonyeza kimoja kinazama, na kile kilichokuwa kimezama kinaruka juu. Haviwezi kuzama viwili. Basi kwenye kompyuta kuna viduara vidogo vinavyoitwa hivyo hivyo, vitufe vya redio. Swali moja, majibu kadhaa, na unaloruhusiwa ni jibu moja tu. Nyuma ya kila swali kuna kikasha kisichoonekana ambamo jibu linawekwa; sisi tunakiita kibadilika. Vitufe vya swali moja vyote vinafungwa kwenye kikasha kimoja, na kila swali lazima liwe na kikasha chake.

Siku ya kwanza nilisahau hilo. Nilifunga maswali mawili kwenye kikasha kimoja. Bwana Foleni akaja kujaribu fomu kwa kujiandikisha yeye mwenyewe. Akabonyeza "Mwanamume". Papo hapo, mstari wa chini yake, likawaka "Mjamzito: Ndiyo". Dada wa dirisha la mapokezi akamtazama juu hadi chini akasema, "Hongera, bosi. Ni miezi mingapi?" Niliirekebisha kabla kicheko hakijaisha.

Kuna jambo moja tu linanikera. Fomu ina swali la ndugu wa karibu: "Yupo" au "Hayupo". Ukibonyeza "Yupo", kompyuta inauliza jina na anwani yake, halafu inachapa taarifa yenyewe na tarishi anampelekea. Maneno ya taarifa hiyo niliyaandika mimi, kwa uangalifu sana. Sasa, chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba kikasha cha swali kama hili kianze kikiwa kitupu. Fomu ikifunguka, pasiwe na kitufe hata kimoja kilichozama, na mwandishi wa mapokezi asiweze kuhifadhi mpaka ameuliza na kujibiwa. Bwana Foleni hataki. Anasema ukimuuliza mgonjwa habari za ndugu anaanza kutaja ukoo mzima, na mkia wa foleni unafika getini. Ameagiza fomu ifunguke "Hayupo" ikiwa imeshabonyezwa. Mwenye ndugu atasema mwenyewe. Nimeweka alivyotaka.

Mwanao Cheche sijaonana naye siku kadhaa. Kazi za kuchomelea zimembana, nami zangu zimenibana. Ni mzima.

Ni mimi mwana wa kaka yako, uliyemlea.

* * *

Machi 25

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika kona moja ikiwa imelowa, lakini maneno yote yalikuwemo. Goti halijaacha kulalamika, ila na mimi sisikii, kwa hiyo tunaishi vizuri. Paa la jikoni limeanza kuvuja pale pale pa mwaka jana. Mjomba wa jirani aliahidi kupanda; bado anaahidi.

Hiyo mimba ya bosi wako nimeicheka mpaka jirani akaja kuangalia kama nimepatwa na kitu.

Redio ya babu ipo. Siisikii, lakini mchana huwa naiwasha na kuweka kiganja juu yake ili niione ikitetemeka. Umeniandikia kwamba haviwezi kuzama vitufe viwili. Umesahau, msomi? Cheche alikuwa anabonyeza viwili kwa mpigo, kwa dole gumba la huku na la huku, vyote vinazama, vyote vinakwama, na babu yenu anakuja kuvichokonoa kwa mpini wa kijiko. "Nataka zote mbili," anasema, hana hata aibu. Wewe ulikuwa unasimama nyuma ya mlango ukiogopa kwa niaba yake.

Hilo swali lako la ndugu silipendi. Kiwandani tulikuwa na msimamizi aliyekuwa akijaza daftari la mahudhurio asubuhi kabla hatujafika: hayupo, hayupo, hayupo, mpaka chini. Ukifika, wewe ndiye umfuate afute. Siku moja mwenzetu alikatwa kidole na mashine saa nne. Daftari lilipofunguliwa likasema hakuja kazini siku ile. Kidole kipo mezani kwenye kitambaa, mwenye kidole hayupo. Nawe umekwenda shule yote hiyo ukarudi pale pale?

Sasa lililonikalisha kuandika. Cheche hajaniandikia tangu Februari. Unamjua, ni mvivu wa kila kitu isipokuwa barua. Kila mwezi ananichorea geti alilochomelea, na chini yake anaandika upuuzi. Mwezi huu hakuna geti wala upuuzi. Nenda karakana kwake ukamwangalie kwa macho yako. Usimtume mtu. Na kama mmekosana, mtakosana vizuri zaidi baadaye.

Shangazi yako.

* * *

Aprili 18

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, na pole na paa. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa mahali, na wiki hizi tumekuwa na ukaguzi, na mafua nayo yalinishika. Sasa nimepona. Mama mwenye nyumba anasema nimekonda, lakini nadhani ni hili joto tu.

Nilikwenda karakana jana. Nilikuta geti limefungwa. Huenda wamepata kazi nje ya mji na kuhama wote na vyombo vyao. Mafundi ndivyo walivyo, leo hapa kesho kule. Nitarudi tena nikipata nafasi. Usiwe na wasiwasi.

Fomu inakwenda vizuri. Foleni ambayo zamani ilikuwa inavuka kibanda cha mlinzi sasa inaishia kwenye benchi la tatu. Bwana Foleni amenipongeza mbele ya wote. Nilitakiwa kusimama, nikasimama.

Ulisema nimerudi pale pale pa yule msimamizi wa kiwandani. Nimelifikiria hilo. Siyo sawa kabisa, shangazi. Kwenye kompyuta mwandishi anaweza kubadilisha muda wowote. Ni kubonyeza mara moja tu.

Sina mengine. Nitaandika tena.

Mwana wa kaka yako.

* * *

Mei 6

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Mimi mzima, majirani wazima, paa bado linavuja. Salamu zimekwisha.

Nilikuuliza Cheche, umenijibu foleni.

Karakana haijafungwa hata siku moja. Mchomeleaji mwenzake, yule mfupi wanayemwita Nati, alikuja hapa Jumapili na mfuko wa Cheche. Ndani mna kinyago cha kuchomelea, shati, na kalamu. Alikaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia ndani. Kwa kuwa sisikii, nilimpa daftari. Ameandika kurasa mbili, na mkono wake si mzuri, lakini nimesoma kila neno.

Anasema tarehe 19 Machi walikuwa kwenye jengo la ghorofa, ubao wa jukwaa ukakatika, Cheche akaanguka. Walimpakia kwenye pikapu wakampeleka hospitali kubwa. Njiani alikuwa anazungumza, anawaambia wasimkanyagie kofia. Wakamwacha dirishani mikononi mwa manesi, kwa sababu msimamizi alitaka gari lake. Siku ya tatu Nati alikwenda kumwona. Dirishani wakamuuliza wewe ni nani wake. Akasema rafiki. Wakamwambia habari za mgonjwa wanapewa ndugu tu, na huyu hana ndugu.

Tena anasema haya yote alikueleza wewe, uso kwa uso, tarehe 17 Aprili, ukiwa umesimama karakanani kwenye geti lililo wazi.

Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyingine.

Hospitali kubwa ya mji huo ni moja. Wewe unafanya kazi orofa ya ngapi?

Mwanangu yuko wapi?

* * *

Mei 29

Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza hali yako, kwa sababu najua barua hii itaifanya nini.

Cheche amefariki. Nimeanza na hilo ili usilitafute katikati ya maneno mengine.

Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu za kwanza nilianza na maelezo yangu, nikazichana.

Aliandikishwa dirisha la mapokezi tarehe 19 Machi, saa tano na dakika kumi asubuhi. Jina lake limeandikwa kamili, mpaka la babu, bila kosa hata la herufi moja. Kwa hiyo alikuwa anazungumza, maana pale dirishani hakuna mwingine aliyelijua jina la babu. Kazi: mchomeleaji. Ndugu wa karibu: Hayupo. Alilazwa orofa ya pili. Mimi nakaa ya nne. Kila siku napita orofa ya pili mara mbili, nikiingia na nikitoka. Daktari ameandika kwamba alikuwa anavuja damu ndani na haikujulikana mapema. Alifariki tarehe 21 Machi, alasiri. Ambaye kwenye fomu yake pameandikwa "Hayupo" anawekwa siku kumi na nne, kisha manispaa inamzika kwa namba. Alizikwa Aprili 4. Namba yake ni 307. Nimefika mara mbili. Ni kibao cha bati kwenye kijiti, na udongo bado haujashuka.

Kuna jambo la tarehe ambalo lazima ulijue. Barua yako ya kuniuliza ilinifikia Aprili mosi. Siku ile alikuwa bado yumo chini ya jengo hili hili, kwenye chumba cha maiti, na zilikuwa zimebaki siku tatu. Niliisoma barua kwenye meza yangu, nikaiweka kwenye droo. Nilisema nitakwenda karakana wiki ijayo. Nikasema hivyo tena wiki iliyofuata.

Sikuwa na ukaguzi wowote. Nilikuwa naona haya kumkabili.

Januari alikuja ofisini. Alikuwa amenitengenezea kiti cha chuma, kwa sababu alikiona kile cha waya chumbani kwangu. Alikibeba begani kutoka karakana mpaka hapa. Alikuja na nguo za kazi, zile zenye matundu ya cheche kifuani, akasimama katikati ya ofisi akasema kwa sauti, "Yuko wapi msomi wetu? Kiti chake cha enzi hiki hapa." Watu walicheka, na Bwana Foleni akatoka chumbani kwake. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Ni ndugu yako?" Nikasema, "Ni fundi wa geti." Nikamvuta pembeni, nikamwambia asije tena hapa, na ikimlazimu kuja, asiseme kwamba yeye ni ndugu yangu. Akasema, "Sawa, mheshimiwa." Akainua kiti akaondoka nacho.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaficha niliposema kazi zimembana. Na geti la karakana lilikuwa wazi: Nati aliponieleza, nilikwenda kuifungua fomu yake, nikaona, na kesho yake nikakuandikia kwamba nimelikuta limefungwa.

Tangu Aprili nimekuwa na swali moja. Nimemuuliza dada wa mapokezi kama anakumbuka mchomeleaji aliyeletwa kwa pikapu. Hakumbuki. "Siku hiyo niliandikisha watu mia na themanini, mdogo wangu. Nilikuwa naruka swali la ndugu, si ndivyo mlivyotwambia?" Kwa hiyo huenda hakuulizwa kabisa. Lakini huenda aliulizwa. Huenda siku ile alimuuliza yeye tu kati ya wote, na Cheche akanikumbuka, akakumbuka nilivyomwambia, akajibu, "Sina."

Sitajua kamwe. Kama ningeacha kikasha kitupu, kitufe kilichobonyezwa kingekuwa ushahidi kwamba mtu aliuliza na mtu alijibu. Lakini nilikibonyeza mimi, siku kumi na tano kabla hajaanguka. Aliyesema hana ndugu na ambaye hakuulizwa wameandikwa kwa alama moja. Nimeitazama alama hiyo mpaka macho yakauma. Haisemi kitu.

Bwana Foleni hajui. Nikisema, nitaulizwa nani aliyeweka, na mkono ulioweka ni wangu. Naogopa, shangazi. Nakuandikia hivyo kwa sababu sina uongo mwingine uliobaki.

Mwana wa kaka yako.

* * *

Juni 14

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Majirani wamekuja na wameondoka. Yule mjomba hatimaye amepanda paani. Alipoona nimekaa tu chini naangalia ukuta alichukua ngazi bila kuambiwa. Halivuji tena.

Habari za kiti nilikuwa nazijua. Cheche aliniandikia Februari. Barua ninayo, nakunakilia: "Mama, mheshimiwa wetu kanikataa mimi na kiti changu. Nimekiweka karakanani. Akishapata kitambi cha ubosi kile cha waya kitamwangusha, atakuja kukifuata mwenyewe." Chini amechora kiti, na wewe umekikalia, una kitambi.

Niliisoma nikacheka, nikasema hawa ni watu wazima, watamalizana. Sikukuandikia neno. Ningekuandikia mistari miwili tu, ungeona aibu ukamfuata, na Machi ungekuwa unajua aliko. Hilo ni langu, nitalibeba mimi. Usinisaidie.

Unataka nikuambie kama aliulizwa. Sijui. Unataka nikuambie angejibu nini. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemlea, na sijui. Angeweza kusema, "Ninaye, yuko juu hapo, mwiteni mheshimiwa ashuke." Angeweza kusema, "Sina," kwa kiburi, au kwa kukutunzia siri yako. Alikuwa na moyo wa yote mawili. Mwanangu ameuawa na ubao, sikusingizii kifo chake. Wewe umeninyang'anya jibu lake. Mtu akifa, maneno yake ya mwisho ni ya mama yake, na mimi nimeletewa ya bosi wako.

Usiniombe msamaha kwa barua. Nikikuandikia kwamba nimekusamehe kabla sijakuona uso, nitakuwa nimebonyeza kitufe kabla ya swali. Kikasha changu nakiacha kitupu.

Nina agizo. Toa hiyo alama kwenye fomu yenu. Najua unaogopa, toa ukiwa unaogopa. Ukimaliza, fungua fomu ya mwanangu uandike kwamba ana ndugu. Usinitaje mimi. Jitaje wewe.

Nitafika Julai 10 kwa basi la asubuhi. Nataka kwenda dirishani kwanza, kabla ya kaburini. Nataka mtu aniulize mimi ni nani wake. Aniandikie swali kwenye daftari, nami nitajibu kwa mdomo, kwa sauti, maana sijui tena kusema polepole.

Shangazi yako.

* * *

Julai 3

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nafurahi kwamba paa limezibwa. Mwambie mjomba wa jirani ahsante kwa niaba yangu, ingawa sina haki ya kushukuru kwa ajili ya nyumba hiyo kwa sasa.

Nimefanya ulichoagiza. Nakueleza kwa mpangilio.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa Bwana Foleni nikamwambia yote, pamoja na namba 307. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Akasema, "Pole sana, kijana. Sasa unataka nini?" Nikasema nataka fomu ifunguke bila jibu. Akasema, "Kila mtu akiulizwa, foleni itafika wapi?" Nikasema, "Getini, mkuu." Akasema, "Basi nenda nyumbani upumzike, umefiwa." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na hayo uliyoniambia, umeniambia mimi tu, sawa?"

Jumatatu niliingia mapema kabla yake. Kuondoa alama ni mstari mmoja. Pale nilipokuwa nimeandika kwamba kikasha kianze na "Hayupo", niliandika kianze bila kitu. Nikaongeza mstari wa pili, unaozuia kuhifadhi mpaka swali lijibiwe. Nilichukua muda usiozidi wa kufunga kamba za viatu. Nilibaki nimekaa nikiangalia viduara viwili vitupu.

Dada wa mapokezi alifungua fomu, akaona, akanitazama. Akasema, "Leo unataka tuulize?" Nikasema, "Tafadhali." Akaanza kuuliza. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameandikisha watu tisini na sita. Waliosema hawana ndugu walikuwa wawili. Siku nyingine kwa idadi hiyo hiyo ilikuwa inatoka "Hayupo" themanini. Niliangalia pia waliofariki na kuzikwa kwa namba tangu Machi 5. Ni arobaini na mmoja. Nimeandika namba zao zote kwenye karatasi. Sijui ni wangapi kati yao waliulizwa.

Foleni ilifika getini, kama nilivyomwambia. Watu walifoka. Bwana Foleni alishuka mwenyewe kuona, kisha akapanda kwangu. Sitakuandikia aliyosema. Nimesimamishwa kazi, na barua yake inasema nimeharibu mfumo kwa makusudi. Anayekaa mezani kwangu sasa ni mwenzangu wa mafaili. Nimeambiwa kwamba kabla ya saa tisa "Hayupo" ilikuwa imesharudishwa. Kwa hiyo ukifika dirishani Julai 10, usishangae ukiiona imeshabonyezwa. Nitakuwa nimesimama karibu yako, na dada wa mapokezi ameahidi kuwa na daftari.

Kile kiti nimekifuata karakanani. Nati alinionyesha tu kwa kidole. Ni kizito. Nilikibeba begani kama alivyokibeba yeye, nikapita nacho mbele ya hospitali. Nimekiweka mbele ya meza chumbani kwangu na bado sijakikalia. Utakikalia wewe kwanza.

Limebaki moja. Jumatatu, kabla Bwana Foleni hajapanda, nilifungua fomu ya Cheche. Nilibonyeza "Yupo". "Hayupo" ikaachia, kama kwenye redio. Kompyuta ikauliza jina la ndugu, nikaandika langu. Ikauliza uhusiano, nikaandika kaka. Anwani, nikaandika ya chumba hiki. Nikahifadhi. Nilikuwa nimesahau kitakachofuata, ingawa nilikitengeneza mwenyewe.

Leo asubuhi mama mwenye nyumba aligonga mlango. "Tarishi wa hospitali kaleta kitu chako," akasema. "Una mgonjwa?"

Nimeiweka humu ndani ya bahasha ili uione. Imechapwa kwa tarehe ya Jumatatu. Jina lake liko juu, kamili, mpaka la babu, na chini yake yapo yale maneno niliyoyaandika Machi kwa uangalifu sana:

"Tunakujulisha kwamba ndugu yako aliyetajwa hapo juu ameletwa katika hospitali hii na anakuhitaji. Tafadhali fika mapema uwezavyo. Ukifika dirishani, sema wewe ni nani wake."

Nitakungoja kituo cha basi tangu alfajiri.

Kaka yake Cheche.